Andika Neno Lenyewe

Wiki moja kabla shule haijafunguliwa, walimu tulikusanyika kusomeana mipango yetu ya mwaka. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni kwetu, ameletwa likizo ile ile, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alikuwa ametugawia fomu yenye visanduku kumi na viwili. Kila mmoja alitakiwa kusimama na kusoma alichojaza. Mimi wa darasa la pili nilisoma changu kwa dakika mbili nikakaa. Sikumbuki nilisema nini, na sidhani kama kuna aliyesikiliza.

Ikaja zamu ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mkuu alikuwa amekwisha kunong'onezwa habari zake. Akanyoosha mkono, akasema kwa upole, "Wewe mwalimu nipe tu karatasi, msaidizi wangu atakusomea."

"Nitasoma m-m-mwenyewe."

"Si lazima ujisumbue."

"Sisumbuki. Mtakaosumbuka ni n-nyinyi."

Wawili watatu wakacheka, yeye akasimama. Fomu alikuwa ameiacha tupu, ameandika kwa mkono ukurasa mmoja wa daftari. Alitumia dakika kumi na moja kuusoma. Nazijua kwa sababu saa ya ukutani ndiyo niliyoikodolea macho. Macho hayakuwa na pengine pa kwenda. Neno likimkwama, midomo hujifunga, kidevu kinatetemeka, mshipa wa shingo unasimama, na chumba kizima kinabana pumzi pamoja naye. Kila herufi ya "m" na "k" ilikuwa mlima. Msaidizi wa mkuu alishindwa kuvumilia. Lilipokwama neno moja lililoanza kwa "w", akamrushia: "Wazazi." Yeye akamtazama, akasubiri, akapumua, kisha akasema, "Walezi. Niliandika walezi. Wengine hawana w-wazazi."

Mpango wenyewe ulikuwa mfupi. Watoto wake walikuwa hamsini na wawili. Kabla ya shule kufungwa mwisho wa mwaka, kila mmoja wao angesimama mbele ya walezi na kusoma ukurasa mzima kwa sauti, peke yake, na wa kwanza kusoma siku hiyo angekuwa mwalimu mwenyewe. Hakuna mtoto ambaye angerukwa zamu ya kusoma, hata kama kengele ingelia. Alihitaji makasha matupu ya dawa ya kukatia kadi za herufi, na alihitaji mtu apande juu ya paa la darasa lake kabla ya mvua, maana maji yalidondoka palepale ulipo ubao. Akakunja karatasi, akakaa. Mkuu akaandika kitu kwenye fomu yake, akasema, "Anayefuata."

Nimefanya kazi na huyu dada miaka tisa, na mke wangu ni shoga yake wa kufa na kuzikana, kwa hiyo maisha yake nayajua kiasi. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na mama alifua mashuka ya hospitali. Alizaliwa wa nne, nyuma ya kaka watatu wenye midomo kama vyerehani vya baba yao. Wao ndio waliomjibia kila alichoulizwa. Mgeni akiuliza, "Hujambo binti?" kaka mmoja alijibu hajambo, wa pili akataja umri wake, na wa tatu akaeleza yuko darasa gani. Mtaani waliwahi kumwita Redio Mbovu. Baba yake peke yake ndiye aliyemngoja. Mteja angesimama dukani, kitambaa mkononi, haraka zimemjaa, na binti ameanza sentensi ya kueleza baba amekwenda wapi. Mteja akitaka kummalizia, sauti ilitoka chini ya meza, mzee yuko huko na bisibisi: "Mwache amalize. Sentensi ni yake."

Shuleni hakuwako mzee chini ya meza. Wakati wa kusoma, mwalimu alipitisha zamu kwa kidole, mtoto baada ya mtoto, na akifika kwake kidole kiliruka. "Wewe pita." Miaka minne alipita. Huku nyuma akawa anajisomea kimya chochote kilichomjia mbele, hata maelezo ya dawa kwenye makasha ambayo mama alirudi nayo kutoka hospitali, na hakuna aliyejua. Darasa la tano alipata alama za juu kuliko wote katika mtihani wa kuandika, mwalimu akamwita mbele akamwambia amenakili. Akaambiwa, kama kweli anajua, asome ukurasa huo hapo. Akasoma. Wenzake walicheka mpaka wakachoka kucheka. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka mbio, mwalimu naye akaanza kukusanya vitu vyake, na binti akaendelea kusoma mpaka nukta ya mwisho, darasani akiwa yeye na mwalimu aliyesimama mlangoni hajui atoke au abaki.

"Nilikuwa na hasira," aliwahi kutuambia, mimi na mke wangu. "Watu wanadhani ni ushujaa. Ilikuwa hasira tu, na b-bado ninayo."

Chuo cha ualimu kilimkataa mara mbili. Mara ya kwanza waliomsaili walimpa pole. Mara ya pili walimshauri atafute kazi ya maktaba. Akaenda kiwanda cha nguo kushona vifungo, na kila usaili ulipotangazwa aliomba ruhusa akarudi. Mara ya tatu alipowakuta watu wale wale nyuma ya meza ile ile, mmoja akacheka, akasema, "Huyu tusipompa nafasi atatuzika sote." Wakampa.

Kwetu alifundisha darasa la tano, hesabu na uandishi, na hakuna aliyemsumbua. Watoto wakubwa walimzoea. Tatizo lilianza pale mwalimu wa darasa la kwanza alipostaafu, na sisi wengine wote tukalikimbia darasa lile kama ugonjwa, maana ni kufuta kamasi, kufunga kamba za viatu na kuamua kesi za penseli. Yeye akaliomba mwenyewe, kwa barua. Mkuu wa zamani alitia saini siku anaondoka. Mkuu mpya alikuta mambo yamekwisha.

Darasa lake na langu yalitenganishwa na ubao mwembamba wa mbao, hata mtoto akipiga chafya kwake, wangu walimwambia pole. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia watoto wakiimba silabi kwa pamoja, na yeye akiimba nao bila kukwama hata mara moja, kwani akiimba au akisoma pamoja na watu ulimi wake humtii. Kisha nilisikia kimya, halafu sauti ya mtoto mmoja inapapasa neno kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kimya kile kilinichosha mimi. Yeye hakikumchosha.

Wiki ya tano nikasikia jambo lililonifanya niweke chaki chini. Mtoto alikuwa anasoma: "B-b-baba a-ana k-k-kuku." Akafuata mwingine, naye vivyo hivyo. Nikajua wamekwisha kumpanda kichwani, wanamwigiza mchana kweupe. Nikamsikia akiuliza, pole pole, "Nani k-kakufundisha kusoma hivyo?"

"Wewe, mwalimu," mtoto akajibu, bila ubaya wowote.

Mchana nilimkuta kakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni. "Hawanicheki, kaka," akaniambia. "Afadhali wangenicheka. Wanadhani ndivyo kusoma kulivyo."

Kesho yake aliwaeleza. Aliwaambia mdomo wake una mlango unaobana, na milango yao haibani, basi kila mtu asome kwa mlango wake. Wakalipokea kama wanavyopokea habari zozote. Msichana mmoja tu ndiye aliyeinua mkono: "Kwa nini usiupake mafuta?"

"Nimepaka sana," akajibu. "Fungua ukurasa wa nane."

Ndani ya siku tatu wakawa wanasoma sawasawa. Lakini habari ilikuwa imekwisha kufika majumbani. Mama wa msichana yule yule wa mafuta, muuguzi, mwanamke asiyemung'unya maneno, alikuja ofisini asubuhi na sare yake. Sote tulimsikia. "Mwanangu ametoka nyumbani anazungumza kama maji. Mmenirudishia nini? Mimi sina neno na yule dada, Mungu kamuumba hivyo. Lakini kusoma? Mbona mnamweka kipofu kuwafundisha watu rangi?"

Siwezi kusema hakuwa na haki ya kuogopa. Ningekuwa mimi, mwanangu akarudi nyumbani anasoma hivyo, labda nami ningekuja.

Siku mbili baadaye nilikuwa ofisini natia saini daftari la mahudhurio, dada akaitwa. Mkuu akampa barua. Anahamishiwa stoo ya vitabu, kutunza na kugawa, na darasa la kwanza litashikwa na mwalimu mwingine.

"Ni kwa faida yako, mwalimu," mkuu akasema. "Stoo hakuna makelele."

Akaisoma amesimama. "Imeandikwa 's-sababu za kiutawala'. Ni zipi?"

"Unazijua."

"Nazijua. Ziandike."

"Mwalimu, tusifike huko."

"Andika neno lenyewe. K-k-k..." Likakwama. Lilikwama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Mkuu akaangalia meza, mimi nikaangalia daftari kana kwamba jina langu limeandikwa kwa lugha ngeni. "Kigugumizi," akamaliza. "Mimi limenitoka, kwa shida hivyo. Kalamu yako haina k-kigugumizi. Liandike."

Mkuu hakuliandika. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kutia neno lile katika barua yenye muhuri, akaweka na saini chini. Dada akaondoka na barua. Saa sita aliirudisha mezani kwa mkuu, imesahihishwa kwa wino mwekundu kama daftari la mwanafunzi. Maneno "sababu za kiutawala" yalipigiwa mstari, na pembeni kwa mwandiko wake mzuri: "Hujafafanua. Rudia kazi." Kulikuwa pia na kosa moja la nukta, akalirekebisha.

Tulicheka wiki nzima, kwa siri. Mkuu hakucheka hata kidogo. Akasema suala lipelekwe kwenye kamati ya shule, siku kumi mbele, na mpaka hapo mwalimu abaki darasani.

Mimi jioni ile nilimfuata kumshauri, nikijiona mtu wa busara. "Dada, stoo siyo jela. Cheo ni kile kile, mshahara ni ule ule. Ukizidi kushupaza shingo utamwaga unga."

Alikuwa anakata herufi kwenye kasha la dawa. Hakuinua kichwa. "Wewe umekaa nyuma ya ule ubao m-mwezi na nusu. Wale watoto wanajifunza, au hawajifunzi?"

"Wanajifunza."

"Hilo umelisema wapi?"

Nilirudi nyumbani, mke wangu akaniuliza nimemshauri nini shoga yake, na nilipomweleza aliinuka akaenda kulala bila kuniaga.

Dada hakungoja kamati. Aliandika vikaratasi hamsini na viwili akawapa watoto wapeleke nyumbani: mlezi yeyote anakaribishwa kukaa darasani, siku yoyote, saa ya kusoma. Jumatatu hakuja mtu. Jumanne walikuja bibi mmoja na fundi wa kuchomelea vyuma, wakakaa nyuma, fundi ameshika miwani yake ya kazi mapajani kama kofia. Alhamisi akaja muuguzi.

Siku hiyo niliwapa wangu hesabu za kujumlisha nikaenda kusimama mlangoni pake, sikuona aibu. Muuguzi alikaa kwenye dawati la mwisho, mkoba kifuani, uso umekunjwa. Binti yake akaitwa. Akasoma mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, wa tatu akakutana na neno "kikombe" akasimama. Sekunde zikapita. Mama akafungua kinywa kumsaidia, na mwalimu, bila kugeuka, akainua mkono kumzuia. Nilitazama darasa. Watoto hamsini na mmoja walikuwa wamekaa kimya wanamngoja mwenzao, hakuna aliyemnong'oneza, hakuna aliyecheka, mmoja anajikuna goti taratibu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata kuwanyamazisha watoto wa umri ule kwa njia yoyote. Binti akasema "ki", akasema "ko", akatikisa kichwa, akajirekebisha, "kikombe," akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama siku aliyoondoka nyumbani.

Muuguzi alitoka bila kuaga mtu.

Kwenye kamati, mkuu alikuja na pendekezo la upatanisho, na kwa kweli halikuwa baya. Alikuwa ameambiwa kwamba dada akiimba hakwami. Basi abaki darasa la kwanza, ila afundishe kwa kuimba na kusoma kwa pamoja tu. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Dada akasimama.

"Hapana," akasema.

Mwenyekiti, seremala mzee, akamuuliza kwa nini anakataa msaada.

"Watoto hamsini wakisoma p-pamoja, hujui nani anasoma na nani anafungua mdomo. Mimi nilifungua mdomo m-miaka minne. Sitafundisha hivyo ili mimi nionekane m-m-mzuri."

Nikajikuta nimesimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema mwakani watoto hao wanakuja kwangu, kwa hiyo mwenye kuumia wakifundishwa vibaya ni mimi. Nikasema nimewasikia kila siku tangu shule ifunguliwe, na kila mwaka nimekuwa nikipokea watoto wanaokariri kitabu hata ukikigeuza juu chini, na hawa hawakariri. Nikakaa. Mkuu alinitazama kama mtu aliyegundua kiti chake kina mguu uliolegea.

Muuguzi, aliyealikwa kama mlalamikaji, aliombwa aseme. Akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. "Mimi siwezi kusema nilikosea kuja," akasema. "Nitakuja tena nikisikia jambo. Lakini mwanangu abaki kwa huyu."

Seremala akaamua: mwalimu aendelee, na siku ile ya kusoma mbele ya walezi ndiyo itakayowahukumu wote.

Siku hiyo ilifika, baada ya mvua zilizomlazimisha kuhamisha ubao mara nne, maana paa halikupandwa na mtu. Madawati yalitolewa uwanjani. Alisoma yeye kwanza, kama alivyoahidi, ukurasa mmoja, na ulichukua muda uliochukua. Walezi waliokuja kwa mara ya kwanza walitazamana. Kisha watoto wakaanza. Waliosoma ukurasa wote walikuwa arobaini na sita. Ilichukua asubuhi nzima, vichanga walilia, watu waliishiwa mahali pa kivuli, na hakuna aliyerukwa. Sita walisimama, wakasoma walichoweza, maneno matatu, mawili, mmoja hakuweza kitu, akasimama na kitabu mpaka mwalimu akamwambia ahsante, kaa.

Mkuu alifurahi kweli. Alikwenda kumpa mkono mbele ya watu, akatangaza kwamba katika ripoti ya mwaka ataandika darasa la kwanza limesoma lote.

"Arobaini na sita," dada akasema.

"Mwalimu, ni siku ya furaha hii."

"Nimefurahi. Arobaini na sita. Ukiandika hamsini na wawili, hawa sita hawatakuwepo p-popote. Nitamwombea nani muda wa kuwafundisha?"

Iliandikwa arobaini na sita.

Mwaka uliofuata aliomba darasa la kwanza tena akapewa bila maneno. Wale arobaini na sita nikawapokea mimi. Pamoja nao walikuja wale sita, kwa masharti yake: kila asubuhi kabla ya mstari ni wake, nusu saa, darasani kwake. Kufika mwezi wa pili watano walikuwa wanasoma. Wa sita, yule aliyesimama na kitabu, hakusogea, na dada hakuelewa mpaka siku moja alipoangusha kasha la chaki nyuma ya mtoto na mtoto hakugeuka. Aliita mara tatu kutoka nyuma. Hakugeuka. Akampeleka mwenyewe hospitali, muuguzi akawaongoza moja kwa moja mpaka kwa daktari wa masikio. Sikio moja lilikuwa halisikii kabisa, na la pili nusu.

Alirudi siku hiyo hakuvua hata viatu vyenye tope, akaenda ofisini. Alitaka watoto wote wa darasa la kwanza wapimwe masikio na macho kabla ya mwezi kwisha, na alitaka barua ya shule yenye muhuri ya kupeleka hospitali. Mkuu akasema bajeti ya mwaka imekwisha pitishwa. Yeye akasema hakuomba bajeti, ameomba muhuri. Mkuu akasema kuna utaratibu. Yeye akavuta kiti, akakaa, akasema, "N-n-nieleze huo utaratibu. Mimi sina haraka."

Nilipopita nje ya dirisha kwenda kupiga kengele ya saa nne, mkuu alikuwa bado anaeleza, na sanduku la muhuri lilikuwa tayari limefunguliwa.